Pro Tools inalalamikiwa kila siku, mbona haing'oki studio kubwa?

Ukitaka kuanzisha ugomvi usioisha kati ya watu wa studio uliza swali moja tu: programu gani ya kurekodia ina sauti nzuri kuliko zote? Hapo utasikia kila kitu. Huyu atakwambia Logic ina joto, yule atasema Cubase iko wazi zaidi, wa FL Studio atachekwa na wote mpaka anyamaze, na mwenye Pro Tools atakaa pembeni kama mwenye nyumba, hasemi kitu, anajua mwisho wa mwezi kodi itakuja tu.

Kabla hujaingia kwenye huo ugomvi fanya jaribio moja dogo. Chukua faili kama 10 za WAV (mafaili ya sauti ya kawaida), ngoma, besi, kinanda, sauti ya muimbaji, ziwe stirio zote (za mono kila programu ina hesabu yake ya kuzishusha katikati, zitakuvurugia), ziingize kwenye programu mbili tofauti, usiweke efekti, usiguse feda (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti), toa faili la mwisho kwa kila moja. Halafu yale mafaili mawili yaweke kwenye traki mbili, moja ligeuze fezi (mawimbi yake yapinduke juu chini), bonyeza pleyi. Kimya. Mita imelala, spika hazisemi kitu, maana yake yale mafaili mawili ni kitu kile kile na yanafutana yenyewe kwa yenyewe. Kujumlisha namba ni kujumlisha namba, kompyuta haina sikio. Kwahiyo hilo la sauti tuliache, na ukikutana na mtu anaeapa anasikia tofauti mwache tu, huenda anasikia plagini, vile vijiprogramu vya efekti vinavyokuja na programu yake, hizo kweli zinatofautiana.

Basi itakuwa bei? Nayo sio. Kuna Reaper, imetengenezwa na Justin Frankel, yule yule wa Winamp kwa wanaoikumbuka, leseni ya mtu mdogo dola 60, inafunguka sekunde chache kwenye kompyuta iliyochoka, haina kidude cha kuchomeka cha kuthibitisha leseni, inarekodi traki nyingi kadri mashine yako inavyoweza. Toleo la kwanza rasmi lilitoka 2006. Kama soko la wataalamu lingekuwa linaendeshwa na bei au hata na ubora wa kazi kwa kila shilingi, saa hizi tungekuwa tunaizungumzia Reaper kama tunavyoizungumzia Pro Tools, na hatufanyi hivyo.

Mimi naona jibu liko kwenye makabidhiano. Programu inatawala pale ambapo kazi inatoka mkono wa mtu mmoja inaingia mkono wa mwingine, na pale ambapo mtu anaanza kazi na kuimaliza mwenyewe utawala wake unalegea mpaka unaweza usiuone kabisa. Ukilishika hilo utaelewa kwanini watu wawili wote wanaishi kwa muziki, wote wataalamu, mmoja anakwambia bila Pro Tools hupati kazi na mwingine hajawahi kuigusa maisha yake yote na anakula vizuri. Wote wanasema ukweli.

Ila turudi nyuma kidogo, maana kuna watu wanadhani hii kitu ililetwa na matangazo tu, sio kweli, mwanzoni walistahili kabisa.

Digidesign ilianzishwa katikati ya miaka ya 80 na vijana wawili waliotoka chuo kikuu cha Berkeley, Peter Gotcher na Evan Brooks, na biashara yao ya kwanza wala haikuwa kurekodi, walikuwa wanauza chipu zenye sauti za ngoma za kubadilishia kwenye mashine ya E-mu Drumulator. 1989 wakatoa Sound Tools, traki mbili tu, ya kukatia na kuunganisha sauti kwenye Macintosh. 1991 ikaja Pro Tools yenyewe, traki 4, karibu dola 6,000, na ndani yake hata haikuwa programu moja, zilikuwa mbili, moja ya kurekodi na kumiksi na nyingine ya kuediti, unahama huku unarudi kule. Ukiisikia hivyo unaweza ukacheka. Traki 4 wakati studio za kanda zilikuwa na 24!

Lakini angalia kompyuta ya mwaka ule ilikuwa nini. Prosesa yake ilikuwa haiwezi kubeba sauti za kidijitali nyingi kwa wakati mmoja, ingekwama kabla hujafika kiitikio. Digidesign wakafanya kitu cha akili, hesabu zote za sauti wakazitoa kwenye prosesa wakaziweka kwenye kadi yao wenyewe yenye chipu ya Motorola 56001, kompyuta ikabaki kuchora picha kwenye skrini. Kwahiyo walichokuwa wanauza hasa ni kadi, programu ilikuja kama mlango wa kuingilia. Na hapa ndo penye utamu, kwasababu washindani wao kwenye Mac, Studio Vision ya Opcode iliyotoka 1990 ikiwa na MIDI (maelekezo ya noti za kupigwa, sio sauti yenyewe) na sauti pamoja, halafu Logic, Digital Performer, Cubase Audio, wote kwa kipindi fulani waliweza kuendeshwa juu ya kadi za Digidesign. Yaani unanunua programu ya mshindani, alafu ukitaka ifanye kazi ya maana unaenda kununua kadi kwa mwenye nyumba. Walikuwa wapangaji.

Kulikuwa na njia nyingine pia. 1992 kampuni ya Alesis walianza kuuza ADAT, mashine ya traki 8 iliyokuwa inarekodi kidijitali kwenye kanda za S-VHS, ndugu wa zile kanda za video za nyumbani, na unaweza kuziunganisha mashine 16 ukapata traki 128. Hii iliingia studio ndogo kama mafuriko, na sababu ni ile ile, kanda unaitoa unaiweka kwenye begi, unaenda studio nyingine yenye ADAT, unaendelea na kazi. Kilichoiua ni mkasi. Kwenye kompyuta unakata sehemu ya wimbo unaisogeza unairudisha kama hukuipenda, kwenye kanda hilo halipo. Mashine zimekufa ila ule waya wao wa mwanga unaobeba chaneli 8 mpaka leo uko nyuma ya kadi nyingi za sauti na watu bado wanauita ADAT, wengine hawajui hata jina limetoka wapi.

Tukija upande wa wanaosema Pro Tools inastahili ilipo, hoja yao nzito kuliko zote ni kucheleweshwa kwa sauti, ile wanayoita latensi. Muimbaji amevaa hedfoni, anaimba, sauti inaingia kwenye maiki, inaingia kwenye kompyuta, inahesabiwa, inarudi masikioni. Kompyuta ya kawaida inakusanya vipande kwanza ndo ivipeleke, tuseme vipande 512 kwa mkupuo, na kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde hiyo ni karibu milisekunde 11.6 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, jumla 23 hivi bila kuhesabu mengine. Kwa namba ni kidogo. Kwa sikio ni kama kusimama mita 8 kutoka kwenye spika inayotoa sauti yako mwenyewe. Muimbaji hatakwambia "kuna latensi", atakwambia leo sijisikii vizuri, au atavua sikio moja la hedfoni, au ataanza kuimba nyuma ya ngoma na wewe utadhani hana mdundo. Zile kadi za Digidesign, hasa kuanzia mfumo wa TDM wa 1994 na baadae HD ya 2002, zilikuwa zinamaliza hilo tatizo, ucheleweshaji ulikuwa mdogo na haubadiliki, na ukiambiwa una chaneli kadhaa basi unazo, hazipungui kwasababu umeongeza riverbu, ile efekti ya mwangwi.

Na fikiria chumba chenye okestra, watu 60 wamekaa na vyombo vyao, kila dakika inalipiwa, programu ikiganda pale hamna cha "samahani naomba niwashe upya". Mtu anaesimamia kikao kama hicho hataki programu yenye mambo mazuri 300, anataka ile ambayo hata ikiharibika kuna mtu mlangoni anajua inavyoharibika. Hii ni hoja ya kweli na wanaoiponda Pro Tools wengi hawajawahi kukaa kwenye kiti hicho.

Kingine ni kuediti. Kaa nyuma ya mtu anaenyoosha ngoma kwenye Pro Tools uangalie mikono yake, sio skrini. Mkono wa kushoto haunyanyuki kwenye kibodi: Tab, kishale kinaruka mpaka pigo linalofuata, B, kipande kimekatika, Tab, B, Tab, B, anashika A kufuta kilicho kabla ya kishale, S kufuta kilicho baada yake, F kuzipooza kingo zisitoe ule mlio wa "tik". Haangalii herufi. Dakika 10 amemaliza wimbo mzima na katikati amejibu simu. Muulize S inafanya nini, atasita kidogo, itabidi aweke vidole kwenye kibodi ndo akumbuke. Sasa mtu kama huyu umwambie ahamie programu nyingine kwasababu ina rangi nzuri? Programu zingine nyingi zinaweza kukata hivyo hivyo, na nyingine zinakuruhusu mpaka kupanga shotikati zifanane na za Pro Tools (nalo hilo ni kukiri kwa namna yake), ila vidole vina kumbukumbu yao na miaka 15 haihamishwi kwa mafunzo ya wiki mbili.

Mpaka 1999 wimbo wa Ricky Martin uliofika namba 1 Marekani ulikuwa umerekodiwa, ukaeditiwa na ukamiksiwa wote ndani ya Pro Tools, na baada ya hapo mabishano ya kama kompyuta inaweza kubeba kazi nzima yakaishia hapo. Upande wa filamu nako, Digidesign ilishanunuliwa na Avid katikati ya miaka ya 90, na Avid ndo wenye Media Composer, programu ya kukatia picha iliyokuwa inatumika Hollywood. Ona jinsi ilivyokaa. Anaekata picha yuko kwa Avid, anamkabidhi anaesafisha maneno ya waigizaji, ambae anamkabidhi anaemiksi, na kila makabidhiano yanapita mlango wa nyumba ile ile. 2004 Pro Tools ikapewa Oscar ya ufundi. Kwenye sauti za filamu, kusema kweli, sijui mtu angeitoaje hata akitaka.

Haya, hizo ni sifa. Upande wa pili nao una ya kusema na mengine yanauma.

La kwanza, ile kadi iliyokuwa suluhisho mwaka 1991 iligeuka kuwa mnyororo. Prosesa za kompyuta zilikua haraka, Steinberg, wenye Cubase, wakatoa VST, mfumo wa plagini, 1996 na ASIO, njia ya programu kuongea na kadi ya sauti, mwaka uliofuata, kuanzia hapo mtu yeyote na kadi yoyote ya sauti aliweza kumiksi na efekti ndani ya kompyuta yake. Pro Tools je? Ukiacha lile toleo dogo la bure la traki 8 la 2000, ilikuwa haifunguki bila kifaa chao au cha M-Audio, kampuni ambayo nayo Avid waliinunua 2004. Una kadi nzuri ya kampuni nyingine mezani, programu inakwambia hapana. Hilo limekuja kubadilika na Pro Tools 9, mwaka 2010. Hakukuwa na sababu ya kiufundi ya kusubiri miaka yote hiyo, ilikuwa sababu ya biashara, na biashara waliweza kuifanya hivyo kwasababu walijua mtu hana pa kwenda.

La pili ni lile ambalo nikilikumbuka nachoka. Ukimaliza kumiksi unatoa faili la mwisho, wenyewe tunasema kubaunsi. Programu zingine zote za maana wimbo wa dakika 4 unautoa kwa sekunde chache, kompyuta inapiga hesabu bila kukuchezea. Pro Tools ilikuwa inakuchezea. Wimbo wa dakika 4, unakaa dakika 4. Mteja anasema ongeza sauti ya mwanamke kidogo tu, unaongeza, unakaa dakika 4 nyingine. Toleo la ala tupu, dakika 4. Toleo la televisheni, dakika 4. Kuna watu walikuwa wanatetea, eti inakulazimisha usikilize kazi yako mara ya mwisho, nami nimewahi kutetea hivyo, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunajifariji. Walikuja kurekebisha kwenye Pro Tools 11, mwaka 2013. Elfu mbili na kumi na tatu! Kampuni yenye ushindani wa kweli haithubutu kuchelewa hivyo.

Sasa jiulize kwanini watu hawakuhama miaka yote hiyo. Nitakupa kisa changu. Kuna kipindi nilikuwa namiksi kwenye programu nyingine kabisa, nimeizoea, nafurahi. Nikapata kazi, traki 64, kwaya, vinanda, ngoma za kupiga kwa mkono, nimeitengeneza vizuri, mwenye kazi kapenda. Siku ya mwisho anasema kuna studio nyingine itamalizia, watumie sesheni, yaani faili la kazi lenyewe na mipangilio yake yote. Studio yenyewe iko kwenye Pro Tools. Usiku huo sikulala. Ilibidi kila traki niitoe peke yake kuanzia sekunde ya sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya tatu, maana usipofanya hivyo kule mwenzako hajui pa kukiweka, nikayapa mafaili majina ya kueleweka, nikatoa mengine makavu na mengine yenye efekti, nikaandika kasi ya wimbo kwenye karatasi, otomesheni zangu zote za feda, yale mabadiliko yanayojiendesha yenyewe, ikabidi zichomwe humo humo kwenye sauti. Saa 10 alfajiri nimetuma. Saa 4 asubuhi simu inalia: kaka riverbu ya kwaya iko wapi? Nilisahau chaneli moja. Na nilivyoituma kumbe nilikuwa nimeitoa kwa kasi ya vipande elfu 48 kwa sekunde wakati zingine zote ni elfu 44.1, kwaya ikatoka na riverbu inayobaki nyuma ya waimbaji wenyewe. Hakuna aliyenilaumu sana ila kazi iliyofuata ya mtu yule nilimuuliza mapema, mwishoni nani atakaemalizia, na aliponijibu nikafungua Pro Tools bila kubishana.

Ona kilichotokea hapo. Sikuhama kwasababu nilishawishika kuwa ni bora. Nilihama kwasababu gharama ya kutokuwa nayo sikuilipa mimi peke yangu, niliwalipisha na wengine, na mtu anaewalipisha wengine haitwi tena. Ndo maana hata ubishi wa programu ipi bora hauendi popote, kila mtu anahukumu programu yake akiwa peke yake mezani ila anaichagua akiwa kwenye mnyororo wa watu. Vyuo navyo vinafundisha Pro Tools kwasababu studio zinaitumia, studio zinaitumia kwasababu wasaidizi wanaotoka chuo wanaijua, na ukiuliza nani alianza hupati jibu.

Ila usije ukadhani hii ni hadithi ya mfalme mmoja. Neno "wataalamu" linadanganya. Prodyuza anaetengeneza biti mwanzo mpaka mwisho peke yake, hana wa kumkabidhi sesheni, huyo Pro Tools haikumpata na haitampata, kwanza upande wa MIDI ilikuwa nyuma muda mrefu. Huyo utamkuta kwenye FL Studio, iliyoanza 1997 Ubelgiji ikiitwa FruityLoops, watu wakaidharau kwa lile jina na muonekano wa kitoto, na wao wakaweka sharti moja lenye nguvu ya ajabu: ukinunua mara moja matoleo yote yajayo ni yako bure. Au utamkuta kwenye Ableton Live, Berlin, 2001, iliyotengenezwa na watu waliokuwa wanapiga muziki wa elektroniki jukwaani na walitaka chombo cha kuchezea, kurekodi kukaja nyuma yake. Hawa ni wataalamu kama wengine na pesa zao ni za kweli.

Logic ndo mfano wa namna yake. Apple waliinunua Emagic, kampuni iliyoitengeneza, 2002, wakaua toleo la Windows, watumiaji wa Windows wakaachwa barabarani na leseni zao mkononi. Kisha 2011 wakaiweka kwa dola 199 wakati kifurushi chake cha kabla kilikuwa 499. Wao hawahitaji kula kwenye programu, wanauza kompyuta. Avid hawana kompyuta ya kuuza, programu na vifaa vya studio ndo shamba lao, sasa wakishindana bei na Apple wanakufa njaa. Kwahiyo ukiona wameingiza watu kwenye malipo ya kila mwaka kuanzia 2015, unaweza kukasirika, nilikasirika, lakini hesabu zao unazielewa.

Mfano unaonishawishi kuliko yote uko kwenye muziki wa filamu. Watunzi wengi wakubwa, Hans Zimmer akiwemo, wanatungia kwenye Cubase, kwasababu kutunga kwa sampuli za okestra kunataka MIDI nzito na Cubase ndo kwake, tangu enzi za kompyuta za Atari 1989. Siku okestra ya kweli inapoingia studio kurekodiwa, mambo yanahamia Pro Tools. Wimbo ule ule, wiki ile ile. Wakati mtunzi yuko peke yake yuko anakotaka, kazi ikianza kupita mikononi mwa watu inahamia kwa mwenye nyumba. Na ukitaka kuona kinyume chake, Finneas alitengeneza albamu ya kwanza ya dada yake Billie Eilish kwenye Logic, chumbani nyumbani kwao, ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka 2020. Kazi ya kumiksi akapewa mtu mwingine, na kilichomfikia ni stemu, mafaili ya sauti tu, hakuhitaji kujua zilipikwa kwenye sufuria gani.

Sound designa wengi wa magemu wanaipenda ile Reaper niliyoisema mwanzo, na ni kwa sababu hiyo hiyo. Wao wanachokabidhi ni vifaili vifupi vya WAV, mlango unagongwa, upanga unalia, hatua kwenye changarawe, mamia kwa maelfu, na Reaper ukiiandikia skripti inayatoa yote yakiwa na majina sahihi. Sesheni haiendi popote kwahiyo sesheni iwe ya programu gani haimuhusu mtu.

Kuna hoja moja ya watetezi nimeiweka mwisho kwasababu ndo inayonisumbua, ile ya uzee. Wanasema chagua kubwa kwasababu ndogo zinakufa na kazi zako. Na kweli zimekufa. Opcode, wale wa Studio Vision, walinunuliwa na Gibson 1998 na mwaka uliofuata maendeleo yakasimama. Gibson wale wale wakainunua Cakewalk, nayo ya programu za kurekodia, 2013, Novemba 2017 wakaifunga, bahati nzuri BandLab wakaiokota miezi michache baadae. Mtu akikwambia weka kazi yako kwa mwenye nyumba mkubwa hatoki, unamuelewa. Ingawa na mwenye nyumba naye ameshabadilika, Avid ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya STG mwishoni mwa 2023 kwa karibu dola bilioni 1.4, ikatoka kwenye soko la hisa, na mwekezaji wa namna hiyo anaweza kuiendeleza au kuikamua.

Walio nje wameanza kujenga daraja lao. 2023 Bitwig na PreSonus, kampuni mbili zenye programu zao za kurekodia, walitoa DAWproject, faili la wazi linalobeba traki, feda, otomesheni mpaka mipangilio ya plagini kutoka programu moja kwenda nyingine, na 2024 Steinberg wakaiingiza kwenye Cubase 14. Likikubalika, usiku wangu wa traki 64 ungekuwa dakika 5. Ila angalia ni nani walioanzisha, wote ni wale ambao makabidhiano yanawaumiza. Anaekaa mlangoni anakusanya kodi ana haraka gani ya kutoboa mlango wa pili? Mimi kwa sasa sioni likiitikisa Pro Tools kwenye filamu, naliona likiwasaidia maprodyuza wadogo kubadilishana kazi wenyewe kwa wenyewe, na huko Pro Tools haikuwa na nguvu tangu mwanzo.

Na hata hilo la uzee lina tundu lake. Mwaka juzi nilipewa draivu kuukuu ya kazi za miaka ya 90, za Pro Tools halisi, mwenyewe anataka kuzitoa upya. Sauti zilikuwa kwenye SD2, fomati ya Digidesign wenyewe, ambayo taarifa zake muhimu, kasi ya sampuli na idadi ya chaneli, zilikuwa zinakaa kwenye mfuko wa pembeni wa faili ambao Macintosh peke yake ndo ilikuwa inauona. Kuna mtu hapo katikati, kwa nia njema kabisa, alizihamisha akapitisha kwenye kompyuta ya Windows. Mfuko wa pembeni ukabaki njiani. Majina yote yapo, ukubwa wa faili upo, ukifungua programu inakwambia haijui hiki ni kitu gani. Ilibidi nizisome kama data mbichi, nibahatishe ni 44.1 au 48, mono au stirio, faili moja moja, nikisikiliza kama muimbaji anasikika kama binadamu. Kwenye draivu ile ile kulikuwa na folda moja ya mikisi mtu aliyoitoa kwa WAV. Nilibofya mara mbili ikacheza.